Tairi za tela la macho

Lile tela watu wengi wa Mtwara wanalikumbuka, jeupe, refu, lina ngazi ya kukunja mlangoni. Lilitoka Marekani, huko lilikuwa nyumba ya kutembelea kabisa, watu wanalifunga nyuma ya pikapu wanaenda nalo likizo na vitanda vyao na jiko lao, sasa wafadhili wakang'oa vitanda wakaweka vifaa vya kupimia macho, likapandishwa meli likaja kwetu. Mi nilikuwa mratibu wa safari za ile timu. Kazi yangu ni kuhakikisha daktari na manesi wanafika kijijini siku ileile iliyotangazwa, maana ukitangaza msikitini na kanisani kwamba wa macho wanakuja Jumatano, wazee wanaanza kufika Jumanne jioni, mwingine kashikwa mkono na mjukuu, mwingine kaletwa na bodaboda kwa hela ya kuazima.

Agosti 2021 tukiwa tunaelekea Tandahimba tairi la nyuma kushoto likapasuka. Tela lina ekseli mbili zimekaribiana kwahiyo halikulala, tairi la mbele yake likabeba mzigo wote wa upande ule mpaka dereva alipofanikiwa kusimama, ila vile vipande vya mpira vinavyozunguka vilishapiga sakafu kwa chini, vikakata bomba la maji na waya za taa. Dereva akaliangalia akaniambia, "Dada, mbona hili tairi jipya?" Na kweli kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara, zilikuwa ndefu, ungesema limetoka dukani juzi.

Halikuwa jipya. Ubavuni baada ya herufi DOT kuna mlolongo wa namba, zile nne za mwisho ndo umri wa tairi, wiki na mwaka, na pale ilisomeka 3113, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2013. Miaka nane. Tela sio daladala, muda mwingi limesimama, kashata haziliki lakini mpira unazeeka hukohuko juani, na ukiukunja ubavu kidogo unaona nyufa nyembamba zimeuzunguka. Nikasoma na mengine, yote ya mwaka huohuo, mpaka spea. Tukafunga hiyo spea hivohivo tukageuza kurudi Mtwara mwendo wa kunyata, na mimi ndo nikampigia simu mwenyekiti wa kijiji. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mwanangu, hawa wazee walioko hapa niwaambie nini?" Sikuwa na jibu la kumpa na lile swali nilikaa nalo wiki nzima.

Fundi wetu wa tairi pale mjini ni mzee, ameshika malori ya korosho tangu ujana wake. Nikamwamkia, akaitikia huku keshachuchumaa chini ya tela na tochi. "Hizi zote mwanangu hazifai. Na hili lililombeba mwenzie ndo usiliamini kabisa, limeshaumia ndani hata kama nje huoni kitu."

Hapo kila mtu akawa na chapa yake ya kuitetea, dereva anataka hizi, mlinzi ana shemeji yake anauza zile. Nikawaomba tusitaje chapa yoyote mpaka tujue tela lina kilo ngapi. Kile kibati cha mlangoni kiliandikwa mwisho paundi 11,500, kama kilo 5,200 hivi, lakini hiyo ni ruhusa ya kiwandani, haikwambii leo umebeba nini, na sisi tulishaongeza jenereta, betri, tangi la maji na maboksi ya miwani. Msimu wa korosho ulikuwa bado, mnada wa kwanza mpaka Oktoba, kwahiyo kwenye maghala mizani ilikuwa imelala tu. Kijana wa mizani akakubali. Tukapima ekseli zote mbili za tela pamoja, lori linalolivuta likiwa limeshuka kwenye sahani ya mizani, kilo 4,680. Halafu nikamwomba tupandishe magurudumu ya kushoto peke yake, ya kulia yabaki nje kwenye sakafu, maana mizani ile iko usawa wa ardhi. Kushoto 2,560. Kulia 2,120. Yaani upande uliopasuka ulikuwa unabeba kilo mia nne na arobaini zaidi ya mwenzake, na hakuna mtu angeyajua hayo kwa kuangalia kwa macho.

Hiyo karatasi ya mizani ndo niliyozunguka nayo madukani. Kushoto kila tairi lina kilo 1,280, na barabara ya vumbi ikiwa na mashimo kuna wakati moja linabeba zaidi ya mwenzie, kwahiyo nilitaka tairi lenye akiba. Jamaa wa mtumba akanionyesha za Japani, safi, zimeoshwa zinang'aa, nikasoma DOT nikakuta ni za zamani kuliko tulizozitoa. Duka la pili wakaniletea 265/70R16 mpya, "Dada hizi zinavaa Prado, utaogopa nini?" Nikamwonyesha ile namba baada ya saizi, 112. Namba hiyo ndo inasema tairi linabeba kilo ngapi, 112 ni kilo 1,120, hata nne zikijumlishwa hazifiki uzito wa tela letu. Prado ni Prado, inabeba watu na mabegi. Yule kijana hakuwa ameijua maana ya ile namba, akachukua kalamu akaandika, nikampenda kwa hilo.

Fundi yeye alishikilia 7.50R16 za plai 14, plai ni kipimo cha uimara wa tairi, zile za Landkruza, zipo kila kona ya Mtwara hata ukiharibikiwa Nanyamba unapata. Na kwa nguvu hakukosea, zinabeba kilo 1,500 kila moja. Shida ni kwamba ili libebe hivyo linataka upepo zaidi ya PSI 100, na sisi tulipoitoa rimu moja tukaisugua kutu tukakuta imegongwa muhuri, mwisho 80. Kubadilisha rimu nazo haikuwezekana, tela la Kimarekani lina nati nane na hizo rimu za Landkruza zina tano. Tulibishana pale nusu saa, kwa heshima, mzee akasugua tena ule muhuri kwa kidole, akasema "Basi rimu ndo imesema."

Tukaangukia 235/85R16, saizi ya Land Rover Defender. Mzigo namba 120, kilo 1,400, upepo 80, na upana wake unakaa kwenye rimu ileile. Kitu kimoja tu, ni refu kuliko la zamani kwa milimita 24, kwahiyo lazima uhakikishe tairi la mbele na la nyuma hayatagusana na halitasugua dari ya gurudumu springi zikibonyea. Fundi akapima kwa futi, akaweka jeki akapandisha ekseli mpaka juu kabisa, nafasi ipo.

Mhasibu akasema tununue mawili kwanza, upande wa kushoto, mengine mwakani. Namwelewa, hela za wafadhili zina maelezo yake. Nikamwandikia ukurasa mmoja wenye zile namba za mizani, na kwamba yale yaliyobaki ni ya 2013 na ni mafupi kuliko mapya, tela litakaa upande. Akasaini matano.

Mtwara hayakupatikana matano yanayofanana. Nikampigia shemeji yangu Dar, aende Kariakoo, na nikamwambia asilipe kitu mpaka anitumie picha ya zile namba nne kwa kila tairi, sio moja, kila moja. Muuzaji akamwambia zote sawa hizi ni mzigo mmoja. Picha zikaja WhatsApp, tatu za 2020, mbili za 2016 zimepakwa dawa ya kung'arisha. Shemeji akaona aibu kurudisha, nikamwambia shemeji yangu vumilia, toka hapo nenda duka lingine, ndani kuna daktari na manesi wanne na barabara ni mbovu. Alizunguka mpaka mchana na jua lile la Kariakoo, akapata zote tano za mapema 2021, zikapanda basi usiku huohuo.

Fundi akazifunga kesho yake. Akatoa zile pua za mpira, zile za kujazia upepo, akaweka za chuma, maana za mpira za kawaida mwisho wake ni upepo wa 65 na sisi tunajaza 80. Tukahamisha jenereta na betri upande wa kulia, tukarudi kwenye mizani, kushoto 2,390, kulia 2,290. Kila tairi sasa lina akiba ya kilo mia mbili. Pale nilipumua.

Tukaondoka asubuhi upepo umepimwa tairi zikiwa za baridi, dereva kakubali mwisho wake kilomita 80 kwa saa, hata lami ikinyooka vipi. Lami ilipoisha tukasimama tukakaza nati zote, kwenye rimu zilizofungwa upya nati zinalegea kidogo, ukikaza mara moja gereji ukaondoka hujamaliza kazi. Utingo akapima upepo akakuta unagonga 90, akataka kupunguza. Nikamzuia. Tairi likipata moto upepo unapanda, hiyo ni kawaida yake, ukiupunguza pale likipoa litakuwa chini ya 80 na kesho litatembea limebonyea, na tairi lililobonyea ndo linachemka mpaka linapasuka. Nikapitisha kiganja tairi moja moja, joto lilikuwa sawa zote nne, hakuna lililozidi.

Kijijini tulifika kabla ya adhuhuri. Mwenyekiti alishatangaza upya, na wale wazee walirudi karibu wote, daktari akafanya kazi mpaka giza.

Zile tairi tulizitoa mwaka jana, 2025, kashata zikiwa bado zinaonekana nzuri. Watu wakaja gereji kuziulizia, mmoja ana tela la kubebea mchanga. Fundi akachukua kisu akazitoboa ubavuni zote, mbele yao, ndipo akawaruhusu wachukue.