Goti langu na mteremko wa Amani

Kupanda mlima hakujawahi kunisumbua. Mara ya kwanza nilipokwenda Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, kule Usambara Mashariki, kilichonishinda ni kushuka. Nilivaa raba zilizoisha soli, mvua ikatukuta alasiri, na kwa kuogopa giza nikaanza kukimbiza hatua. Mguu ukateleza juu ya mzizi, goti la kushoto likapinda. Nilirudi Muheza kwa bodaboda huku nalia. Miezi minne nilikuwa nashuka ngazi za nyumbani kwa kushikilia ukuta.

Lakini msitu ule ulinikaa moyoni, kwa hiyo Januari nikarudi.

Nililala Zigi, kwenye lango la hifadhi, jirani na nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, enzi za reli ndogo ya Wajerumani iliyokuwa ikishusha magogo. Nilichagua njia inayopanda msituni hadi mgongoni mwa mlima na kurudi palepale Zigi, tukaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Safari hii nilikuwa na buti zenye meno, na kucha za miguu nimezikata fupi. Hilo la kucha watu hulidharau, ila kwenye mteremko vidole hugonga ncha ya kiatu kutwa nzima.

Mwongozaji wetu, mzee wa makamo, aliniuliza kabla hatujaondoka kama nina maumivu popote. Nikamweleza. Akanitafutia fimbo, akaipima ubavuni mwangu, akaikata kidogo.

Tulipoanza kushuka alisimama mbele yangu akanionyesha. "Mwanangu, goti usilikaze. Lilegeze, ukanyage kwa wayo mzima. Kisigino kikitangulia, umekwenda." Fimbo hutangulia, mguu mbovu hufuata, mzima huja mwisho. Penye mwinuko mkali nilikaa upande upande kama ninayepita kwenye mlango mwembamba. Mizizi hatukuikanyaga kabisa, maana pepo za Bahari ya Hindi hupanda na mvuke wake hadi kwenye milima hii, na chini ya majani udongo hukauka kwa nadra hata kiangazi.

Mwendo ulikuwa wa kinyonga, nami sikuuonea haya. Kila baada ya dakika ishirini nilipumzisha goti. Katika kituo kimojawapo, kwenye jiwe lililolowa usawa wa kiuno changu, nikaona majani manene yenye manyoya, na katikati vijiua vitano vya zambarau, kila kimoja na kitone cha njano. Ndilo ua la Saintpaulia, ambalo afisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, leo limejaa madirishani mwa watu dunia nzima. Hapa lilikuwa kwao, limeng'ang'ania jiwe kwa mizizi myembamba kama uzi. Mara ya kwanza nilipita njia hiyohiyo na sikuliona. Nilikaa nalo mpaka mzee akaniita.

Mbele kidogo tulikuta matunda ya msambu yameanguka, makubwa, ya kahawia. Mzee akapasua moja kunionyesha mbegu ambazo watu wa huku hukamua mafuta yake.

Tuliusikia mto Zigi kabla ya kuuona. Goti lilikuwa limechoka, lakini halikuvimba. Nilivua buti, nikatia miguu majini, nikamuuliza mzee kama naweza kuondoka na ile fimbo. Akasema niiache getini, nitaikuta nikirudi.