Nimepata shahada bila kuhama kijijini

Nilipotangaza kwamba nataka kusomea shahada, kila mtu alikuwa na lake. Huyu alisema nihamie Sumbawanga kwanza, yule niombe likizo bila malipo. Mwalimu mwenzangu akaniambia kama sina kompyuta nisijisumbue. Ushauri huo uliniudhi. Shule yetu ina walimu wachache na madarasa yamefurika. Ningeondoka, darasa la nne ningemwachia nani?

Nafundisha shule ya msingi upande wa Wampembe, wilaya ya Nkasi, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Stashahada nilikuwa nayo, nikajisajili Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kupitia kituo cha Sumbawanga. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya 1992 ili mtu asome akiwa kazini kwake, kwa hiyo sikuona sababu ya kuhama.

Ushauri wa maana niliupata kwa mzee mmoja mstaafu, mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, watoto walikuwa wengi na vyuo vya ualimu visingetosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio, huku tayari wanashika chaki. Mpaka leo kuna wanaowabeza, na mimi sikubaliani nao kabisa: mzee huyu anajua kumfundisha mtoto kusoma kuliko wengi wetu.

"Mwanangu," aliniambia, "usisomee kwenye mtandao. Ufanye uwe posta yako tu."

Nikafanya hivyo. Usiku, bando likiwa rahisi, nilipanda mwinuko ulio juu ya shule nikashusha moduli, yaani vitini vya masomo, za muhula mzima. Nikienda Namanyere kufuata mshahara nazichapisha steshenari, na nyumbani nasoma karatasi kwa taa ya sola.

Kazi ilikuwa kurudisha majibu. Zoezi la kwanza niliandika kwa mkono nikapiga picha kila ukurasa. Jioni nikapanda mwinukoni. Faili likapanda, likapanda, likakaribia kabisa, mtandao ukakata. Likaanza upya. Likakata tena. Giza likaingia, chaji ikaisha, na siku ya mwisho ni kesho yake. Alfajiri nikachomoa kwenye simu kadi ya kumbukumbu yenye zile picha, nikaifunga kwenye nailoni mara mbili na kumkabidhi nahodha wa boti ya Kirando, ambako shemeji yangu alikuwa akiisubiri ili atume majibu chuoni. Jioni akanipigia: imepokelewa! Nilifurahi kama siku ya ajira.

Lakini boti haiondoki kila siku. Nikaanza kuangalia uzito wa mafaili. Picha ya ukurasa mmoja ilikuwa megabaiti mbili au tatu. Ukurasa uleule nikiuandika kwa vidole kwenye simu ni kilobaiti chache tu. Tangu hapo nikawa nachapa kila kitu kwenye simu, na faili linapita hata mtandao ukiwa mstari mmoja. Kompyuta sijanunua hadi leo.

Mitihani lazima uende kituoni. Nilikuwa naandika barua ya ruhusa kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mwalimu mkuu mapema sana, na vipindi vyangu nabadilishana na mwenzangu ili watoto wasikae bure. Ada niliilipa kidogo kidogo. Kilichokuwa kinanimaliza ni nauli na malazi Sumbawanga, basi tukawa tunachanga chumba wanafunzi kadhaa.

Sasa nafuatilia kubadilishiwa muundo wa utumishi ili shahada yangu itambuliwe kazini, na walimu wawili wa hapa shuleni wamejisajili. Moduli zangu zote nimewapa. Nimewaambia pia wamalize kuchapisha karatasi zao kabla ya Novemba, kwa sababu mvua zikianza barabara ya kushukia huku haiaminiki.