Siku moja ya mhariri wa video: kutoka memori kadi hadi kwa mteja

Saa 2 asubuhi. Kadi mbili za harusi ya jana. Nakopi kadi nzima na folda zake zote, sichomoi klipu mojamoja: kamera nyingi hukata video ndefu vipande, na taarifa za kuviunga hukaa kwenye folda za pembeni. Nakala mbili, diski mbili tofauti. Kadi haifutwi kabla kazi haijakabidhiwa.

Saa 3. Dada wa bibi harusi ametuma klipu ya kuvishana pete, WhatsApp. Namwandikia: "Dada, naomba uitume tena kama dokumenti, si kama video." Ikienda kama video inabanwa upya, na sura iliyokwisha kubanwa hakuna programu ya kuirudisha.

Saa 4. Klipu hiyo ya simu ina kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayopandashuka. Ukiiingiza hivyo, sauti huanza sawa, baada ya dakika kadhaa mdomo na maneno vinaachana. Naipitisha HandBrake, programu ya kubadili video: fremu 30 zisizobadilika, kama ilivyopigwa, ubora RF 16 (RF ni kipimo chake cha ubora). Namba ikiwa ndogo, ubora uko juu. Faili litanenepa, liache linenepe.

Saa 5. Kwenye DaVinci Resolve, programu ninayohariria, naweka fremu 25 kabla ya klipu ya kwanza kugusa taimulaini (mstari wa kupangia klipu), maana baada ya hapo kasi inajifunga. Kamera zilipigwa 25 kwa shata 1/50 (kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu ya 1/50 ya sekunde) kwa sababu umeme wetu ni Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipiga tofauti, taa za ukumbi zinaweza kucheza kwenye picha. Kompyuta inalemewa na video kubwa za 4K, basi natengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za nusu ukubwa. Hizo ni za kukatia tu.

Saa 9 alasiri, rangi. Picha ni za biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi. Ukiangaza sana giza la ukuta wenye taa za zambarau, ukuta unajichora mistari kama ngazi. Naishia kabla haijatokea.

Saa 11 jioni. Nazima proksi, kisha narenda (natoa video iliyokamilika) faili mama kwa DNxHR HQX, mfumo wa faili kubwa lenye ubora wa juu. Nakala zote hutoka humo, kamwe nakala haitoki kwa nakala. Ya mteja ni H.264 (mfumo wa kubana video), 1080p (ukubwa wa Full HD), megabiti 20 kwa sekunde: dakika 12 ni GB 1.8. Mteja akiipandisha YouTube, kwa video kama hii wao hupendekeza megabiti 8, lakini YouTube yenyewe itaibana tena, kwa hiyo naipa zaidi.

Saa 12 na nusu. Naitazama kwa asilimia 100, bila kuipunguza iingie kwenye kioo. Shela iko safi, nakshi zinahesabika. Ila pale karatasi za kumetameta zinapomwagwa juu ya maharusi, uso wa bwana harusi unavunjika vijiraba (vipande vidogo vya mraba). Kila kitu kinasogea kwa wakati mmoja, megabiti hazitoshi. Napandisha hadi 30, narenda upya. Sasa vijiraba havipo, faili ni GB 2.7. Limevuka GB 2 za dokumenti ya WhatsApp, litaondoka na flashi.