Chakula Kilikuwa Kambini

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeshindwa kuwaombea wakuu wa mataifa. Zamu ya kuongoza maombi jumuiyani ilikuwa yangu, na Paulo alishamwagiza Timotheo kwamba dua na sala zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Nilipofika hapo ulimi ukawa mzito. Nikaombea wagonjwa na mvua, tukafunga.

Kilichonikaba ni mashudu. Mji wa El Fasher, huko Darfur nchini Sudan, ulizingirwa kuanzia Mei 2024 mpaka ulipoanguka Oktoba 2025, na watu waliofungiwa humo wakafika mahali pa kula mashudu ya karanga. Sisi wa Iringa mashudu tunayajua, tunayanunua kwa ajili ya ng'ombe na nguruwe. Huko mama alimlisha mwanawe mashudu, huku juu ya paa lake zinapita ndege zisizo na rubani, ambazo kuna mtu mahali fulani alipata fedha ya kuzinunua.

Nikafungua 2 Wafalme sura ya 6, kwa sababu kuzingirwa kwa Samaria kuko humo. Mnakumbuka: kichwa cha punda kiliuzwa vipande themanini vya fedha, na wanawake wawili wakapatana jambo ambalo sitaliandika hapa, watoto wasije wakasoma. Lakini mara nyingi tunaruka kilichotangulia katika sura hiyohiyo. Elisha aliwaingiza askari wa Shamu mpaka katikati ya Samaria, wamepofushwa. Mfalme wa Israeli akauliza kama awapige. Nabii akakataa, akaagiza wawekewe chakula na maji, wale, wanywe, warudi kwa bwana wao. Mfalme akawaandalia karamu kubwa, na Biblia inasema vikosi vile vya Shamu havikuja tena katika nchi ya Israeli. Karamu moja ilizuia uvamizi ambao farasi na magari hayakuuzuia. Baadaye Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, akakusanya jeshi lake lote akauzingira Samaria, na waliolipa gharama ya kwanza ni watoto.

Endelea sura ya 7. Wakoma wanne waliokaa langoni wanasema heri twende kwa adui, tukifa tumekufa. Wanafika kambini, hakuna mtu, Bwana amewatia hofu Washami wamekimbia. Na humo mahemani wanakuta nini? Chakula. Vinywaji, fedha, dhahabu, mavazi, farasi wamefungwa. Ndani ya kuta mtoto amekufa kwa njaa, na nje ya lango, mwendo mfupi tu, chakula kimejaa mikononi mwa jeshi. Njaa ya Samaria haikuletwa na ukame.

Ndugu zangu, dunia yetu imekaa hivyohivyo. Mwaka 2024 serikali za dunia zilitumia kwa majeshi na silaha dola trilioni 2.7, na Marekani peke yake karibu trilioni moja. Igawe kwa siku 365, utapata zaidi ya dola bilioni 7 kila siku, hata Jumapili tukiwa ibadani. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisema kwamba kwa mwaka 2025 lilihitaji karibu dola bilioni 17 kuwafikia watu milioni 123. Hiyo ni fedha ya majeshi ya siku mbili na kipande. Haikupatikana. Badala yake, Februari 2025 Uingereza ilitangaza kupunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, na ikasema waziwazi kwamba fedha hiyo inakwenda kwenye ulinzi. Wakati huo watoto zaidi ya milioni 400 wanaishi katika umaskini uliokithiri. Nabii Isaya aliwalilia wale walioshuka Misri kutafuta msaada, wakatumainia magari kwa kuwa ni mengi. Angeandika hivyo tena leo, angebadilisha majina ya miji tu.

Wala tusidhani haya ni ya mbali. Wazee wa Ungoni na Upangwa walisimuliwa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Najua kuna anayesoma hapa ambaye mwanawe yuko jeshini, na mimi simsemi vibaya. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978 ilibidi nchi ijitetee. Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari waache kazi, aliwaambia wasidhulumu na watosheke na mshahara wao. Kulinda mlango ni haki. Ninachokataa ni baba anayeweka kufuli la tano wakati mtoto ndani hajala tangu jana.

Na hapo sasa niseme na nyumba yetu, hata kama mtanuna.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa Tanzania ni 30 kati ya 100. Mkoa wa Iringa ni 57. Njombe na Rukwa ni karibu nusu. Sisi! Tunaoitwa ghala la chakula, tunaopakia mahindi, viazi na maharage kwenye malori usiku na mchana. Hakuna aliyetuzingira. Mayai yanauzwa yote, maziwa yanauzwa yote, mtoto anabaki na ugali na mboga ya chumvi. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto wa mwaka mmoja kaachiwa dada yake wa miaka saba. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukifika baba anajulikana kilabuni kuliko anavyojulikana kanisani, na wengine wanamwonjesha hata mtoto ili alale. Kisha binti akimaliza darasa la saba anatafutiwa kazi za ndani Dar es Salaam, tunaita baraka. Baba, Bwana atakuuliza. Mama, wewe pia, ila najua mzigo ulio mgongoni mwako, na najua fedha ya mahindi hushikwa na nani.

Sisemi haya ili kuwafichia wakubwa. Wakoma wale, baada ya kushiba, waliambiana: "Mambo haya tufanyayo si mema, leo ni siku ya habari njema, na sisi tunanyamaza." Wakaenda kuwaita walinzi wa lango. Na sisi twende. Halmashauri zetu ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Elfu moja, mayai mawili matatu. Mkutano wa kijiji ujao, simama, muulize diwani kwa heshima: ya watoto wa kata yetu ilitoka? Ilinunua nini? Asipojibu, uliza tena mkutano unaofuata, na usiende peke yako.