Deki iliyotafuna harusi ya dada

Mwishoni mwa 1997, mvua za El Nino zikiwa zimeielemea Tanga, deki yetu ya kuchezea kaseti za video ilianza kutafuna mikanda. Unatia kaseti, inaimeza, picha inakuja safi, halafu baada ya muda mfupi unasikia mlio na yenyewe inasimama. Ukiitoa kaseti, mkanda unabaki ukining'inia ndani ya mashine kama utumbo.

Siku ilipoharibika, kaseti iliyokuwemo ni ya harusi ya dada yangu mkubwa. Mpiga video alishahama mji na nakala ilikuwa hiyo moja. Mama hakula mchana ule.

Fundi mmoja aliitazama kwa juu juu, akasema hedi, yaani kile kichwa kinachosoma picha kwenye mkanda, imekufa, tutafute nyingine. Alipotaja bei, mama aliifunga deki yake kwenye khanga akarudi nayo nyumbani. Jirani naye akashikilia kuwa ni unyevu wa mvua. Mjomba wangu, fundi cherehani wa Ngamiani ambaye redio kaseti nyingi za mtaani zilishapita mikononi mwake, hakukubaliana na yeyote kati yao.

"Hedi ikifa utaona chenga," alisema. "Hii picha ni safi. Na unyevu ungegoma asubuhi, siyo hata jua likiwaka. Tuifungue tuitazame ikifanya kazi, mjomba." Mimi na yeye tuliitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba.

Jumapili alikuja na bisibisi ya nyota, spiriti na kipande cha msasa laini. Akachomoa plagi kabla ya kufungua skrubu. Kifuniko kilipotoka alinionyesha upande unaoingilia umeme wa ukutani, akaniambia nisipeleke mkono huko hata kama plagi imechomolewa, kwa sababu kuna kapasita, vifaa vya kutunza umeme, zinazobaki na chaji.

Tuliinasua kaseti ya dada taratibu. Chini yake, katikati, kuna kitundu; ukisukuma kwa ncha ya kalamu, breki za rili, yale magurudumu yanayoviringia mkanda, zinaachia, nawe unaweza kuurudisha mkanda ndani kwa kidole. Mjomba aliuzungusha hadi nyuma kidogo ya pale ulipokwama, akaiweka kando. Kwa majaribio tulitumia kaseti kuukuu ya mechi ya mpira.

Mwanzoni deki ilikataa kabisa kucheza. Mjomba akafunga dirisha na kuikinga kwa boksi, ikakubali. Baadaye sana nilisoma kwamba deki za VHS, aina ya video kama yetu, hujua mwisho wa mkanda kwa mwanga: ncha za mkanda ni angavu, na vijicho vya pembeni vikipata mwanga, mashine hudhani mkanda umekwisha. Jua la dirishani lilikuwa linavidanganya.

Nilichokiona baada ya hapo sijakisahau. Vijiti viwili viliuchomoa mkanda kutoka kwenye kaseti, vikauzungushia ngoma inayong'aa iliyolala mshazari, ile inayobeba hedi na kuzunguka mara 25 kila sekunde. Kando yake, roli ya mpira iliubana mkanda kwenye kipini cha chuma na kuuvuta bila matata. Kosa lilikuwa mbele: rili ya kupokea ilitikisika tu, haikuzunguka. Mkanda ukawa unakuja bila kupokewa, ukajikunja palepale, na mashine ilipohisi rili imesimama ikajizima.

"Umeona?" Mjomba alielekeza bisibisi katikati ya rili mbili, kwenye kigurudumu kidogo kinachoegemea huku na huku. Kigurudumu kilizunguka vizuri, lakini ringi yake ya mpira ilikuwa imekakamaa na kung'aa, ikawa inateleza kwenye rili. Kumbe mashine yote ilikuwa nzima!

Baada ya kuchomoa plagi, aliitoa ringi kwa kibanio, akaigeuza ndani nje ili upande usiochakaa uwe juu, akaipitishia msasa kidogo na kuifuta kwa spiriti. Akaifuta na ile roli. Kitambaa kikatoka cheusi. Hedi alizisafisha kwa karatasi iliyoloweshwa spiriti, akiishikilia bila kuisogeza huku akiizungusha ngoma kwa mkono. Kupandisha na kushusha hapo ni marufuku, ncha za hedi huvunjika.

Kaseti ya mpira ilicheza bila kusita. Jioni tukatia ya harusi. Mkanda ulikuwa umekunjamana ukingo wa juu kwa kama mita moja, na kwa kuwa hutembea kama sentimita 2.3 kwa sekunde, hiyo ni zaidi ya sekunde 40. Ukingo wa juu ndio hubeba sauti. Picha ilipita na mistari michache tu, lakini shangazi, aliyekuwa akimwimbia biharusi, alifungua kinywa na hakikutoka kitu.

Shangazi mwenyewe alikuwa amekaa nasi mkekani. "Rudisheni nyuma!" akasema. Mjomba akakataa katakata: kurudisha nyuma kunakitesa kigurudumu kilekile, na ringi mpya ilikuwa bado kuagizwa Dar es Salaam. Shangazi hakubishana naye. Aliimba mwenyewe wimbo mzima, kwa sauti ya juu, na alipomaliza picha zilikuwa zimeshafika kwenye pilau.