Sakafu ya Anatoglo

Jumanne iliyopita nilikaa saa tatu nzima kwenye kikao, ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja. Watu wa Dar tunauita Anatoglo, na naapa nusu ya tuliokuwa kwenye viti vile tunadhani ni neno la Kizaramo. Kilikuwa kikao cha wafanyabiashara wadogo. Mimi nauza vipuri vya pikipiki Gerezani. Kuhusu kikao chenyewe sina la kusema, ila soda zilikuwa za baridi.

Jioni nikampigia bibi. Siku hizi yuko Temeke kwa shangazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umeshinda wapi leo, simu hupokei?"

Nikamwambia Anatoglo. Kimya. Nikadhani salio limekata. Mara nasikia, "Sakafu yake bado inateleza?"

Bibi ana miaka 81. Mwaka 1962, nchi ina uhuru wa mwaka mmoja, alikuwa anaishi na dada yake chumba kimoja Mtaa wa Sikukuu. Mchana alikuwa anakwenda Anatoglo kujifunza cherehani, maana pale palikuwa na madarasa ya kina mama. Jumamosi usiku anarudi palepale na gauni la kloshi alilolishona mwenyewe. Viatu vya mchuchumio vilikuwa kikapuni, yeye na dadake wanatembea peku. Wakikaribia ukumbi wanatafuta bomba, wananawa miguu, ndipo wanavaa. "Mwanamke haingii dansini na vumbi la Kariakoo kisiginoni," anasema, kwa sauti ile ile ya kunikemea nisile nimesimama.

Ndani, vijana walikuwa wanamwaga poda sakafuni ili watu wageuke kwa urahisi. Dada yake aliwahi kuteleza katikati ya chacha, kisigino kimoja kikakatika. Hakutoka. Alivua vyote viwili, akamkabidhi bibi, akaendelea peku, vilevile alivyotembea njia nzima. Nimeisikia hadithi hii labda mara ishirini, na kila mara kisigino kinakatika kwenye wimbo tofauti.

Kilichonishangaza safari hii ni pale aliposema, "Tulikuwa tunavuka kiwanja." Nikamuuliza kiwanja gani. Mnazi Mmoja, akasema, si ndicho kilichotutenga na wao? Na ni kweli. Wakoloni waliigawa Dar mafungu: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, halafu ardhi wazi, halafu ndiyo Waswahili wa Kariakoo. Hata jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza. Ardhi ile wazi ndiyo Mnazi Mmoja. Miaka ya 1950 tajiri mmoja Mgiriki, George Arnautoglu, akatoa fedha kijengwe kituo cha jamii hapohapo kwenye mpaka. Mtaa wa pili, ule tunaouita Lumumba, ndiko TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kwa hiyo huku siasa, huku magitaa, na bibi yangu na kikapu chake anapita katikati.

Bendi nazo zilikuwa na makabila yake. Western Jazz walikuwa na watu wa Tabora na staili yao ya Saboso. Kilwa Jazz ilikuwa ya Ahmed Kipande. Dar es Salaam Jazz walikuwepo tangu 1932, na humo alipita Michael Enoch, yule aliyekuja kuwa mwalimu wa bendi ya Sikinde. Babu alikuwa Mnyamwezi, kwake ni Western tu. Bibi ni mtu wa Kilwa. Walioana hivyohivyo, na nyumbani kwao redio iligombaniwa mpaka babu anafariki.

Ikafika 1969. Vijana wa TANU wakawa wanawasaka wasichana wenye mini na mawigi, na mwishoni mwa mwaka muziki wa soul ukapigwa marufuku kwenye kumbi za dansi za mkoa. Bibi hilo halimuumi. "Kloshi langu halikuwa na kesi," anasema, na hapo huwa ananiudhi kidogo, maana mdogo wake mwenyewe siku moja alirudi analia kwa ajili ya msako ule.

Mimi nimekulia upande wa pili wa habari. Za kwangu ni za utotoni, nimesimama nje ya ukumbi wa DDC Kariakoo, nasikia domo la bata, yaani saksafoni, la Sikinde linatoka dirishani na sina hela ya kiingilio. Anatoglo niliijua kama jengo la mikutano tu, la kupita ukiwahi usafiri.

Basi juzi Ijumaa nikafunga duka mapema nikarudi. Mlinzi akaniuliza nimekuja kumwona nani. Nikasema, nimekuja kuangalia sakafu. Akanitazama, akatazama mikono yangu ya grisi. "Wewe ni fundi?"

Nikasema hapana, ni bibi yangu ndiye anaulizia. Akacheka sana, akaniambia nisubiri watu watoke kwanza. Nikakaa kwenye kingo, nikavua viatu.