Barua niliyoomba kabla ya kufungasha dagaa

Nauza dagaa wa Kigoma. Miaka yote biashara yangu ilikuwa ya magunia: nawachukua Katonga wakishakauka chanjani, nafunga, napandisha treni kwenda Tabora na Dar es Salaam. Kichwa kilianza kuuma nilipotaka kuwaweka kwenye pakiti za robo kilo zenye lebo, na wengine niwakaange na pilipili na ndimu.

Je, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ipo au haipo? Sheria ya VAT ya 2014 inasamehe samaki wasiosindikwa, na kukausha au kutia chumvi hakuhesabiwi kuwa usindikaji. Sawa, na pakiti yangu? Mhasibu anayenijazia ritani za kodi alisema, "Dada, dagaa ni dagaa, wewe endelea." Mfanyabiashara mwenzangu naye aliendelea hivyohivyo na bidhaa nyingine, baadaye akadaiwa kodi ya miaka ya nyuma. Tangu Julai 2023 kiwango cha kujisajili VAT ni mauzo ya kutozwa kodi ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kama pakiti zinatozwa, nilikuwa naelekea huko. Ukidaiwa VAT ya asilimia 18 kwa mzigo uliouza mwaka juzi, mteja wa Dodoma huwezi kumfuata akuongezee.

Nikaja kuambiwa kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamruhusu mlipakodi kumwandikia Kamishna Mkuu wa TRA (Mamlaka ya Mapato), aeleze shughuli yake, apewe uamuzi wa maandishi. Uamuzi huo unamfunga Kamishna, mradi ulisema kweli yote na ukafanya kama ulivyoeleza. Hapo kwenye "kweli yote" ndipo nilipotoka jasho.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa na mistari sita: "Naomba kujua kama dagaa wana VAT." Niliisoma usiku nikajicheka. Jibu la swali kama hilo lingenisaidia nini? Nikaanza upya. Nikaandika nani anawaanika, siku ngapi, kama wanatiwa chumvi, mashine ya kufungia mifuko ina uwezo gani, gramu ngapi kwa pakiti, bei ya kilo ikiwa guniani na bei ya kilo hiyohiyo ikiwa kwenye pakiti. Hiyo tofauti ya bei nilitaka kuificha, maana ilionyesha faida. Mume wangu akasema, "Mama Asha, ukiificha, siku wakiiona, barua inakuwa karatasi ya kufungia maandazi." Nikaiweka. Nikaambatisha picha za pakiti na maelezo ya wale wa pilipili, wakiwa bidhaa ya pili inayojitegemea, wasije wakachanganywa na wakavu.

Sikuanza kuuza pakiti hata moja wakati nasubiri. Ilikuwa zaidi ya miezi miwili, na mifuko yenye lebo imejaa sebuleni.

Jibu halikunifurahisha lote. Wale wa pilipili wana kodi. Niliwapandishia bei kabla ya pakiti ya kwanza kutoka, na maumivu yakaishia hapo. La pakiti kavu sitalisema hapa, kwa sababu limejengwa juu ya uzito wangu, lebo yangu na bei yangu. Mtu akilichukua hivihivi nitakuwa nimemponza mimi. Na sheria yenyewe ikibadilika barua hainikingi, ndiyo maana kila Juni nafuatilia Sheria ya Fedha, ile inayobadilisha mambo ya kodi.

Mpwa wangu anayeleta mizigo kwa maboti ya Kibirizi alikuja kuomba nakala. "Shangazi, na mimi niwaonyeshe forodhani."

Nikamwambia barua hiyo inamfunga Kamishna kwangu, si kwake. Tena mambo yake ni ya forodha, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 ina mlango wake: unaomba uamuzi wa awali kuhusu aina ya bidhaa, asili yake au thamani yake, kabla mzigo haujafika. Nilimpa rasimu yangu aone jinsi ya kupanga maelezo, na kalamu.